Mimba ya Chuma

Siku hizi nikitaka kugonga kitu, hata mlango wa jirani, mkono wangu unasimama hewani kwanza. Watu wanasema mzee ameishiwa nguvu. Nimeishiwa kweli, magoti yangu yanalia kama kitanda cha kamba, lakini mkono hausimami kwa uzee. Unasimama kwa hofu. Na hofu yenyewe haikunikuta porini wala gizani, ilinikuta uani kwangu, mchana, jua limewaka, ugali uko jikoni.

Nianze mbali kidogo. Nikianza na hofu hamtaelewa kwa nini nilikipenda kile chuma.

Mimi ni mchonga vinyago. Shule niliishia darasa la nne, mjomba akanichukua. Kwetu Wamakonde, zamani zile, mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba yangu jambo hilo lilimuudhi, alinuna, lakini alinuna kimyakimya kwa sababu na yeye alikuwa mjomba wa watu. Basi mjomba wangu alichonga mpingo, na alichonga pia vile vinyago vya tumbo, vya mti mwepesi, ambavyo mcheza ngoma anavivaa mbele aonekane mwanamke mjamzito. Nilikaa naye muda mrefu kabla hajanipa patasi. Kazi yangu ilikuwa kugonga magogo.

"Gogo usilitazame," alikuwa ananiambia. "Macho yanadanganywa na gome. Ligonge, uweke sikio."

Unagonga kwa mgongo wa shoka. Gogo lililooza moyo linajibu kama debe tupu. Gogo lililojaa linajibu mara moja, mlio mfupi, mzito, kama mtu aliyeshiba ukimwita. Lililojaa ndilo la kuchonga. Lenye uwazi ndani waachie mchwa. Hilo nimelishika maisha yangu yote, na hilohilo ndilo nusura liniulie mke.

Mpingo siku hizi haupatikani hivihivi. Kibali, tena kibali cha kusafirisha, halafu mabega yangu nayo yakakataa kazi ya mti mgumu. Nikaanza kuokota vyuma. Sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nimekaa natazama mashine mbovu ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, nikaona ina mabega. Nikaiwekea kichwa cha kengele ya baiskeli, na meno ya spoki. Mke wangu alipoiona akaweka ndoo chini.

"Hiki nini?"

"Mtu."

"Mtu wa nani? Mrudishe kwao."

Lakini sikuacha. Nikajaribu kila kitu. Rimu za baiskeli, diski za plau, mkanda mnene wa mpira kutoka kwenye machimbo ya Ruangwa, saruji iliyomwagika gunia likipasuka. Vijana wanaofanya kazi kwenye madini waliniletea unga wa kinywe, ule mweusi unaoteleza. Nikagundua ukiusugua juu ya saruji au chuma, ukapaka juu yake mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua mikono, unapata weusi kama wa mpingo uliopigwa msasa. Siku nilipopata weusi ule sikula mchana. Nilikuwa nazunguka uani naongea peke yangu.

Na huku Nachingwea vyuma ni vingi. Waingereza walikuja na matrekta yao kulima karanga, karanga zikawashinda, wakaondoka, vyuma vikabaki. Treni ilikuwepo. Mtu akikwambia Nachingwea ilikuwa na treni usimcheke, mimi niliiona, na reli nikaona inavyong'olewa. Baadaye wakaja wapigania uhuru wa kule ng'ambo ya Ruvuma, wakawekwa huku kufundishwa vita. Alfajiri tuliwasikia wakiimba. Mchana tulisikia milio mizito, mama yangu akawa anaanua mihogo juani, halafu anatazama mbingu haina wingu, anasema hizi ngurumo gani zisizo na mvua. Wakashinda vita vyao, wakarudi kwao. Walipokuwa pakaota msitu.

Nami sehemu ya msitu huo niliipata baadaye, upande wa Kiegei, nikapanda mikorosho.

Ni huko nilikokiokota. Mvua ilikuwa imekata ukingo wa shamba, chuma kikatokeza kama kiazi. Nikakichimbua kwa jembe. Kinene kama mtungi mdogo, kimechongoka mbele, kina kutu yote isipokuwa kiunoni, pale palikuwa na mkanda wa shaba umekizunguka. Nikakidhania cha matrekta ya karanga. Nikageuza jembe nikakigonga kwa mpini, nikaweka sikio.

Kikajibu kama gogo la mpingo.

Ndugu zangu, nilifurahi. Vyuma vyote nilivyowahi kuokota ni mabomba na madebe, ukivigonga vinapiga kelele za utupu. Hiki kilikuwa kimeshiba. Nikakifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, nikaja nacho nyumbani, na ile njia mnaijua, mashimo matupu. Kila shimo kinaruka, kila shimo namshukuru Mungu kwa zawadi.

Kwanza nilikifanya fuawe. Nilikilaza juu ya kisiki, juu yake nikanyooshea bati kwa nyundo, msimu baada ya msimu. Wajukuu wakija wanakikalia. Mke wangu alikipenda kwa sababu yake, kwamba hakitingishiki. Akikaanga korosho hapo uani, anaweka korosho juu ya kile chuma, anaipasua kwa kijiti. Tah. Tah. Moto uko pembeni, korosho zinatema mafuta na ndimi za moto.

Naandika hapa kalamu inateleza kwa jasho. Acha niendelee.

Mwaka jana nikapata mawazo ya kumtengeneza mwanamke mjamzito, kama vile vinyago vya tumbo vya mjomba, ila mkubwa, wa vyuma. Miguu nikatumia springi za gari. Tumbo nikalizungushia rimu za baiskeli, moja juu ya nyingine kama tenga, unaona mpaka ndani. Na ndani ya tenga, kama mimba, nikaning'iniza kile chuma kwa minyororo ya baiskeli na waya. Nikakipaka kinywe kikawaka weusi. Ule mkanda wa shaba nikausugua kwa mchanga na limau mpaka ukang'aa, nikasema hizi shanga. Nikamsimamisha kando ya mlango wa jiko, pale penye kivuli cha bati, maana hakukuwa na mahali pengine ardhi imelala sawa.

Mke wangu ana nyonga mbovu, anatembelea fimbo. Alimwita yule mwanamke mke mwenza. Kila akitoka jikoni anamgonga tumboni kwa fimbo, ko, anamsalimia: "Mke mwenzangu, umeshindaje? Lini unajifungua nipumzike?" Akiingia hivyo hivyo. Wageni wakawa wanakuja kusikia hayo kuliko kutazama kinyago.

Ilikuwa imebaki mikono tu. Waya nilikuwa siuamini, nikapatana na fundi wa kuchomelea wa mjini Nachingwea, yule anayenifanyia kazi siku zote, aje na jenereta yake, aichomelee mikono, na ile mimba aishike kwa moto kwenye rimu isicheze. Akasema atakuja Ijumaa baada ya swala.

Ijumaa hiyo, kabla ya fundi, akaja shemeji. Mdogo wake mke wangu, Mmwera wa Chunyu, mwanajeshi mstaafu. Alikuja kumwona dada yake hiyo nyonga. Sasa shemeji huyu ni mtu wa utani mpaka msibani. Aliwahi kunitumia mtu kuniambia mbuzi wangu ameitwa baraza la kata, nami nikavaa kanzu nikaenda. Alishuka kwenye bodaboda akaanza papo hapo.

"Shemeji! Kumbe nguvu zote ulikuwa unaziweka akiba? Uzeeni ndiyo unampa mtu mimba!"

"Zangu zipo. Zako ndizo ulizozisahau kambini."

"Na huyu atazaa nini, baiskeli?"

Mke wangu akajibu kutoka jikoni, hata hajatokeza: "Atazaa kitu chenye kelele kama wewe. Kaa chini, ugali uko tayari."

Shemeji akacheka, akachuchumaa mbele ya kinyago kukichungulia tumbo, huku akitafuta neno lingine la kunichoma. Akapitisha kidole kwenye zile shanga. Akakwangua kinywe kwa ukucha. Nikangoja neno lake. Halikuja.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Shambani, kwenye ule msitu wa zamani. Subiri nikusikilizishe mlio wake. Hujawahi kusikia chuma kilichojaa hivi."

Nikachukua nyundo. Nilikuwa nimeshainyanyua aliponishika kifundo cha mkono. Alinishika kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, na wala hakuwa ananitazama mimi.

"Iweke chini," akasema. "Taratibu. Siyo kwenye jiwe. Mchangani."

Nikaiweka.

"Shemeji, hilo bomu."

Nikacheka. Ungekuwa wewe ungecheka, baada ya yule mbuzi. Nikamwambia, "Bomu gani? Dada yako hilo amelibangulia korosho misimu yote."

"Amelifanyia nini?"

Hapo ndipo nilipomtazama usoni. Ngozi yake ilikuwa imegeuka kama ganda la muhogo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nikasikia fimbo ya mke wangu jikoni inagota sakafuni, inakuja mlangoni.

"Kaa hukohuko!" shemeji akamwambia.

"Nikae, nani akupakulie? Njaa ya Chunyu yote umekuja nayo kwangu."

"Usitoke nakwambia!"

"Hayo, wameshaanza."

Nikapiga kelele mimi. "Mama watoto, usitoke! Hilo ni bomu!"

Akacheka mke wangu, kicheko chake cha puani. "Mabomu ni wewe na mdogo wangu." Na akatokeza. Mkono mmoja ameshika chombo cha maji ya kunawa, mkono mwingine fimbo, na fimbo ilikuwa imeshapanda juu. Mdomo nao umeshafunguka: "Mke mwenzangu, wageni hao..."

Shemeji akasema maneno ya Kimwera. Hakuyapigia kelele. Aliyasema chini, pole pole.

Maneno yale mimi nayajua kwa kuishi nao. Ni ya watoto wanaolinda shamba. Mtoto akikutana na nyoka koboko njiani, mwenzake aliye nyuma humwambia hayo, maana yake simama kama mti, usipumue. Kwao hayafanyiwi utani. Mtoto aliyeyasema kwa mchezo alichapwa na mtu yeyote aliyekuwa karibu, hata mpita njia. Shemeji amewahi kutania maiti, lakini hayo sijawahi kumsikia akiyachezea.

Fimbo ikasimama hewani. Maji yakawa yanatikisika kwenye chombo, mengine yanamwagikia miguuni kwake, naye hakutazama chini. Macho yake yalitoka kwa mdogo wake yakaja kwangu. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akaishusha fimbo kidogo kidogo, mbali na kinyago, mpaka ikagusa mchanga.

"Rudi nyuma," shemeji akamwambia. "Usigeuke haraka. Yale maji mwagia moto."

Akarudi. Tukasikia moto unazimika, fuuu, moshi ukatoka mlangoni ukampitia yule mwanamke wa chuma kwenye mbavu zake.

Sasa jiko letu lilikuwa na mlango mmoja. Mlango wenyewe ni mwembamba, na mtu wa nyonga hapiti pale bila kuyumba, na akiyumba anashika kilicho karibu. Kilicho karibu ni kile. Tukazunguka nyuma ya jiko tubomoe ukuta. Ukuta ni wa fito na udongo. Panga lilikuwepo, jembe lilikuwepo, shemeji akanikataza. Tusipige. Basi tukabandua udongo kwa vidole, bonge moja moja, tunaliweka chini kama mayai. Kamba za fito tukazikata kwa kisu cha kuchongea. Kila udongo ulipodondoka wenyewe tuliacha kazi, tukatazamana.

"Mnafanya nini huko?" akauliza kwa ndani. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Tunakutoa," nikamwambia.

"Kwa hiyo ni kweli."

Nikabandua bonge lingine.

Mkono ukatoka kwanza, nikaushika. Kisha kichwa na bega. Nyonga ikakwama. Ndipo tukasikia pikipiki, na nyuma yake mlio wa vyuma vinavyogongana. Fundi wa kuchomelea alikuwa anakuja na jenereta yake, na kawaida yake ni kuingia nayo mpaka mlangoni pa jiko, afunge breki pale na kuiangusha chini, pu, ndiyo hodi yake.

Shemeji akaniacha akakimbia. Mzee yule, na kitambi chake, alikimbia barabarani amenyoosha mikono yote miwili kama anayefukuza ndege.

Nikabaki mimi na mke wangu ndani ya ukuta, nusu huku, nusu kule. Nikimvuta anaumia. Nisipomvuta, mgongo wake uko upande wa kile kitu. Niliisikia ile pikipiki inakaribia, inakaribia, na sikuweza hata kuomba, dua zote zilinitoka kichwani. Nilimwambia tu, "Nisamehe, navuta." Akaniambia, "Vuta." Nikavuta. Kitu kikalia ndani ya nyonga yake, nilikisikia kwa mikono. Hakupiga yowe. Aliuma mtandio wake mpaka ukatoboka. Akatoka. Pikipiki ikanyamaza mbali, kule kwenye mpapai wa jirani.

Nilimbeba mgongoni. Sikuwa nimembeba tangu alipokuwa bibi harusi, na siku ile nilimbeba kwa mbwembwe tu. Safari hii sikujua kama nina miguu.

Mtendaji wa kijiji akaambiwa, akawaambia wakubwa wake, watu wa nyumba za jirani wakahamishwa na kuku wao. Tukakaa kwa ndugu upande wa Ruponda tukingoja wataalamu. Mke wangu alilazwa mkekani na nyonga yake imevimba. Nami sikula vizuri, kwa sababu kila mtu akiweka sahani chini naruka. Nilikuwa nafikiria wajukuu walivyokuwa wanakikalia wakirusha miguu. Nafikiria zile korosho. Tah. Tah.

Wataalamu walipokuja, mkubwa wao, mtu mpole, alikwenda kukitazama peke yake, akarudi akaniita pembeni.

"Mzee, hakijafa hiki. Ulikuwa unakifanyia nini?"

Nikamweleza. Baiskeli, fuawe, korosho, fimbo. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Na vyuma vyote vilivyojaa huku, kwa nini ulichagua hicho?"

"Nilikigonga," nikamwambia. "Kikajibu kimejaa."

"Ndiyo," akasema. "Kilijaa."

Walikata minyororo wakakitoa kwenye tenga lake, wakaenda kukilipua mbali, porini. Tulikuwa tumekaa barazani kule kwa ndugu. Mlio ulipokuja niliusikia kwanza kwenye meno. Mbingu haikuwa na wingu. Mke wangu akanishika mkono, na hapo ndipo alipolia, kwa kelele, kama mtoto, na mimi nikamwacha alie kwa sababu nilikuwa nalia pia.

Vyuma vyangu vingine vyote wataalamu walivipitia kimoja kimoja, wakasema ni salama. Nawaamini. Lakini sivigusi. Lile shamba nimeliacha, korosho zinadondoka zinaliwa na nyani. Majirani nimewaambia wasichimbe ukingo ule, wengine wananisikiliza, wengine wanasema mzee hataki watu waokote vyuma vyake. Mvua zikianza silali vizuri, nafikiria inavyokata udongo.

Ule ukuta mke wangu amekataa usizibwe. Amesema uwekwe mlango. Kwa hiyo jiko letu sasa lina milango miwili, na yeye akawa anapita wa nyuma tu, hata kwenye jua kali, anazunguka nyumba nzima na fimbo yake. Yule mwanamke wa chuma yuko palepale mbele, hana mikono, ndani ya mbavu hakuna kitu. Fundi ameniuliza nataka nimwekee nini mle ndani.

Juzi nilikuwa nimekaa uani namenya mihogo, nikamwona mke wangu anatoka kwa mlango wa mbele. Nikaacha kisu. Alisimama mbele ya kile kinyago muda. Kisha akanyanyua fimbo, na mimi pumzi ikakatika, najua hakuna kitu mle lakini ikakatika. Hakugonga. Aliipitisha fimbo katikati ya zile rimu, taratibu, kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka, ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili. Haikugusa kitu.

"Mke mwenzangu," akasema, "kaa hivyohivyo."

Akaitoa fimbo, akarudi jikoni kupitia mlango uleule.